Nusu Roli ya Lastiki

Stoo yangu ina hatua nne kwa sita. Niliipima mwenyewe kwa miguu siku ya kwanza niliyokabidhiwa ufunguo, nikiwa nimefunga mlango ili mtu asinione. Ndani yake kuna vifungo, nyuzi, zipu, sindano, lastiki na beji za mifukoni. Kampuni yetu inashona sare za shule na ovaroli za kazi. Watu themanini na kitu wanakaa kwenye cherehani, na hakuna hata mmoja anayeweza kumaliza shati bila kupita kwenye dirisha langu. Ndiyo maana wananiita Vifungo. Jina langu la nyumbani wengi hawalijui, na sijawahi kuwaambia, maana ukimwambia mtu jina lako anaanza mazungumzo.

Kabla ya stoo nilikuwa benchi la kukata nyuzi. Nguo ikitoka kwenye cherehani inakuwa na ndevu za uzi kila pembe, na sisi tulikuwa tunazinyoa kwa mkasi mdogo, tumeinama, vumbi la pamba likitupanda puani tangu asubuhi mpaka jioni. Nilikaa hapo miaka miwili. Mzee wa stoo alipostaafu, Bosi akaniita akasema, "Huyu haongei. Hataniuzia vifungo vyangu nje." Basi nikapewa ufunguo. Shule niliacha darasa la tano, mama alipoumia mgongo na mdogo wangu akiwa bado ananyonya, kwa hiyo sikutegemea kuwa mkuu wa kitu chochote duniani. Lakini hesabu ya vifungo ninaiweza. Nikiinua boksi kwa mkono najua limebaki robo au nusu. Mwaka huu natimiza wa tatu, na sijawahi kuamka asubuhi nikachukia kwenda kazini.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba Jumatatu ile, kwenye kikao cha wakuu wa vitengo, niliiogopea stoo yangu.

Habari yenyewe ilikuwa programu ya bajeti. Ile tunayotumia ilinunuliwa miaka kumi na moja iliyopita, na aliyeipanga ni mhasibu wetu, ambaye ni mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja. Kila baada ya miezi mitatu kila mkuu wa kitengo anaandika kwenye karatasi mahitaji yake, anampelekea Mjomba, Mjomba anaingiza kwenye kompyuta yake, inatoka mipango, Bosi anatia sahihi, bidhaa zinakuja. Kompyuta hiyo imezeeka mpaka imewekewa feni yake peke yake. Feni inaipuliza, Mjomba pembeni anatoka jasho. Sasa waliotengeneza programu wamesema mwisho wa mwaka hawataihudumia tena, ila wana toleo jipya, na walimtuma kijana mmoja mwenye tai kuja kutuuzia.

"Kwenye toleo jipya," yule muuzaji alisema, "hakuna karatasi. Kila mkuu wa kitengo anajaza mwenyewe, hapo hapo alipo."

"Na sisi ambao macho yetu yamezoea karatasi?" aliuliza mkuu wa ovaroli. Huyu tunamwita Jenerali, kwa sababu ya sauti, na kwa sababu anatembea na rula ya mbao chini ya kwapa.

"Ni rahisi sana, mzee wangu."

"Mzee wako yuko kwenu."

Watu walicheka. Bosi hakucheka. Bosi wetu ni mama wa makamo ambaye alianza na cherehani mbili kwenye varanda, na mpaka leo akipita nyuma yako anagusa mshono kwa kidole. Alikuwa anaangalia karatasi ya bei.

"Tukiinunua," alisema, "kila mmoja atajaza mwenyewe. Sitaki mtu wa kumshikia mwenzake mkono. Kitengo ambacho mkuu wake hawezi, kitaingizwa chini ya stoo kuu, na yeye atarudi alikotoka."

Mimi nilikotoka ni benchi.

"Lakini sinunui gari kabla sijaliendesha," aliendelea. "Tutaijaribu wiki mbili, na mtu wa kujaribu ni mmoja. Vifungo." Akaninyooshea kalamu. "Akiweza Vifungo, kila mtu humu anaweza, na hakuna atakayeniletea hadithi za macho. Akishindwa, kijana afunge mkoba wake aende, tutabaki na hii ya zamani mpaka itakapokata roho."

"Umechagua vizuri, Bosi," alisema Jenerali. "Huyo hata kompyuta ikimuuliza swali hatajibu."

Nilitazama meza. Muuzaji naye alinitazama, na usoni kwake niliona mtu aliyekwisha kuanza kufunga mkoba.

*

Jumapili Mjomba alikuja nyumbani. Anakuja kila Jumapili, anaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, anavua viatu, na mama anamwambia soksi zake zimetoboka. Nilimwamkia, nikamletea chai. Safari hii hakuuliza habari ya mgongo wa mama kwanza.

"Mwanangu," aliniambia, "hicho kitu wamekupa?"

"Kesho, Mjomba."

"Sasa sikiliza. Darasa la tano halafu kompyuta ya kugusa kwa kidole. Ukishindwa, nani atakulaumu? Hakuna. Watasema ilikuwa ngumu, basi. Programu hainunuliwi, stoo inabaki yako, na mimi namaliza miaka yangu miwili nistaafu kwa amani."

Mama alikuwa anakunja nguo. Akaacha. "Kaka, unamfundisha mtoto wangu kushindwa?"

"Simfundishi, dada. Namwonyesha tu kwamba mlango upo."

"Kama upo, pita wewe."

"Mimi nimeshapita mingi. Hii programu nimeilea. Hata mke wangu hajakaa nami masaa mengi kama hii programu."

"Na mkeo analijua hilo," mama alisema, akaendelea kukunja.

Mimi niliondoa vikombe vya chai. Lakini nilipolala nilihesabu, kama ninavyohesabu maboksi. Nikishindwa, stoo ni yangu. Nikiweza, wananunua, halafu kila miezi mitatu nitakuwa na mtihani, na siku nikikosea narudi benchi. Kwa hesabu ile Mjomba alikuwa amesema kweli. Cha kufanya kilikuwa kile ninachokijua kuliko vyote: kukaa kimya, kubonyeza ovyo, na kuinamisha kichwa.

*

Muuzaji alinifundisha saa moja. Alikuwa anaongea polepole na kwa sauti kubwa kana kwamba nilikuwa kiziwi, lakini hakuwa mtu mbaya. Alinipa tableti yenye kava la buluu, akanionyesha pa kuwashia, pa kuandika, na pa kubonyeza "Tuma". Kilichonishangaza ni kwamba maneno yote yalikuwa ya lugha tunayoongea. Ile ya Mjomba ni ya kigeni toka juu mpaka chini. Nilikuwa nikiitazama kwa mbali kama mtu anayetazama gazeti la watu wengine.

Siku ya kwanza niliiweka rafuni kati ya zipu nyeusi na zipu za buluu, sikuigusa. Siku ya pili niliigusa, ikalia, nikaifunika na kitambaa. Siku ya tatu mvua ilinyesha, umeme ulikatika kwenye cherehani, watu wote wakakaa, na mimi nikawa sina mteja dirishani. Nikaiwasha.

Ilikuwa na mistari. Mstari wa vifungo vyeupe, vya buluu, vya chuma. Nyuzi. Zipu. Lastiki. Vitu vyangu vyote vimepangwa humo kama vilivyopangwa rafuni, ila bila vumbi. Pembeni palikuwa na mahali pa kuandika ninachohitaji kwa miezi mitatu ijayo, na chini yake palikuwa na alama ya saa. Nikaibonyeza ile saa ili nijue ni saa ngapi.

Haikuwa saa. Ilikuwa miaka iliyopita. Muuzaji alikuwa amehamishia humo kumbukumbu zote za programu ya zamani, na mbele yangu zikaja safu mbili: Iliyoombwa, na Iliyopitishwa.

Hapa lazima niseme jambo. Miaka yote mitatu nilikuwa naletewa pungufu ya nilichoomba. Hilo nililijua. Mzigo huwa hauji mara moja. Leo maboksi matano, wiki ijayo manane, katikati vinakwisha, mafundi wananipigia kelele dirishani, na mimi nachukua fedha ya dharura ofisini kwa Bosi, nakimbia madukani kununua kwa bei ya reja reja. Kwa sababu ya kukimbia huku na huku sikuwahi kujumlisha. Nilichojua ni kwamba ofisini kuna mtu anaona kwamba mimi natumia vibaya. Au naiba. Sikuwahi kuuliza. Nilibana. Ule utaratibu wa kushona kifungo kimoja cha akiba ndani ya kila shati, mimi ndiye niliyeuacha, kimyakimya, kwa kutotoa hicho kifungo. Nyuzi nilikuwa naomba mafundi wanirudishie mabaki. Nilitaka waone kwamba natosheka na nilichopewa.

Sasa nikasoma. Vifungo vyeupe: niliomba maboksi sitini, yakapitishwa thelathini. Zipu arobaini na nne, ishirini na mbili. Nyuzi mia mbili na kumi, mia moja na tano. Nikarudi nyuma miezi mitatu, na mingine mitatu, mpaka mwanzo. Lastiki: roli saba, zikapitishwa tatu na nusu.

Ile nusu naikumbuka. Ilikuja imekatwa kwa mkasi, imefungwa kwa kamba, na mtu wa gari alinikabidhi akiwa anaona aibu. Nilijiuliza siku nzima ni nani huko ofisini mwenye roho ya kukata roli ya lastiki katikati. Sasa nikaikodolea macho ile tatu na nusu. Mtu akikuona mwizi anakukata kwa hasira. Leo sana, kesho kidogo, siku nyingine anasahau. Na hata mtu mchoyo namna gani, akifika kwenye roli saba atakupa tatu au atakupa nne. Hii haikuwa roho ya mtu. Kila mahali, kila mara, miaka mitatu, ilikuwa nusu kamili.

*

Saa ya chakula nilipanda kwa Mjomba na tableti chini ya kanga. Alikuwa anakula mkate mbele ya ile feni. Nikamwonyesha zile safu mbili.

Alisoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Kisha akageukia kompyuta yake, akabonyeza mahali, na katikati ya safu nilizozoea kuziona kwa mbali ikatokea nyingine, nyembamba, isiyo na kichwa.

"Hii haijui mtu," alisema taratibu. "Hata Bosi."

"Ni nini, Mjomba?"

"Chumvi." Akashusha pumzi. "Wakuu wa vitengo wote wanatia chumvi, mwanangu. Anayetaka kumi anaomba ishirini. Ningefanyaje? Nigombane na watu kila miezi mitatu? Basi kila mmoja nikamsoma tabia, nikaandika humu kiasi cha chumvi yake, programu inaitoa yenyewe. Wakata vitambaa, theluthi. Jenerali, nagawanya kwa tatu."

"Kwa tatu?"

"Kuna miaka nilikuwa nagawanya kwa nne. Siku hizi amepoa." Kidole chake kikashuka kwenye kioo. "Stoo ndogo. Nusu." Kikakaa hapo. "Hii ni ya yule mzee. Yule alikuwa akihitaji boksi moja anaomba mawili, mchana kweupe. Ameondoka, na mimi..."

Aliuweka mkate chini. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho mama naye anacho, mpaka machozi yakamtoka, na mimi nilikuwa sijui kama nicheke. Ghafla akaacha.

"Miaka mitatu nimekuwa nikimsifia mama yako kwamba binti yake anajua kubana matumizi."

"Nilikuwa nabana, Mjomba."

"Kwa nini hukuniuliza? Mimi mjomba wako!"

"Nilidhani mmeona siaminiki."

Feni ilizunguka. Kisha akavuta kiti, akaishika kompyuta kwa mikono miwili, akawa mhasibu tena.

"Sikiliza. Hii nusu naifuta sasa hivi. Unaona? Imekwisha. Kuanzia leo ukiomba sitini unapata sitini. Hakuna aliyejua, hakuna atakayejua. Wewe hicho kitu chao bonyeza bonyeza ovyo, wiki iishe, tuendelee."

Nilikuwa nimepewa vyote. Stoo, maboksi kamili, na kimya. Nilisimama nimeshika kava la buluu na nikaona kwamba sitaweza kushuka ngazi bila kusema. Nilisema nikiangalia mkate.

"Mjomba, miaka mitatu sikujua. Wewe ukistaafu, atakuja mwingine. Naye akinikata kwa safu isiyo na kichwa, nitajuaje?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, shati la kushonwa hapa hapa ambalo kwa ndani halikuwa na kifungo cha akiba.

"Fanya unavyoona, mwanangu," alisema mwishoni. Sikujua amekasirika au la.

*

Siku ya kikao walizima taa, wakaning'iniza shuka jeupe ukutani, na tableti yangu ikaonekana kubwa kama mlango. Nilikuwa nimejaza kila kitu. Nilijaza ninachohitaji, bila kuzidisha na bila kupunguza, kama nilivyofanya siku zote kwenye karatasi. Kilichobaki ilikuwa kubonyeza "Tuma" mbele yao.

Nikabonyeza. Mistari yangu yote, mmoja baada ya mwingine, ikageuka myekundu.

"Rangi hiyo ya nini?" Bosi aliuliza.

Muuzaji alikohoa. "Programu inaonya, mama. Ombi limepita sana kiasi kilichopitishwa mara ya mwisho. Hapa karibu mara mbili. Labda dada ameandika namba mara mbili kwa makosa. Hutokea."

"Au kajifunza chumvi!" Jenerali alipiga rula mezani. "Vifungo! Wewe! Wiki mbili tu na kompyuta umekuwa kama sisi!"

Kikao kizima kilicheka, tena kwa upendo, kwa sababu hawakuwahi kuniona nikifanya kosa la kuchekesha. Bosi aliinua mkono wakanyamaza. Aliniuliza kwa upole kuliko nilivyozoea.

"Umekosea?"

Mlango wa Mjomba ulikuwa mbele yangu, umefunguliwa kabisa. Neno moja tu, "Ndiyo," na muuzaji angefunga mkoba, na mimi ningeshuka zangu stoo. Hata kichwa kilikuwa kimekwisha kuanza kuinama kuitikia.

"Hapana," nilisema.

"Sijasikia."

"Hapana, Bosi. Sijakosea. Bonyezeni saa."

Muuzaji alibonyeza ile alama ya saa. Zile safu mbili zikajaa ukutani. Sauti yangu ilikuwa inatoka, na nikaona kwamba ikishatoka si kazi tena kuiendeleza. Nikawaambia nimeomba kiasi hiki hiki tangu nilipopewa ufunguo. Nikawaambia nilikuwa napata nusu, na ile nusu nyingine ndiyo fedha ya dharura ambayo Bosi analalamika kila mwezi, maana madukani boksi moja ni bei ya mawili. Nikawaambia na habari ya kifungo cha akiba.

"Kumbe ni wewe!" alisema Bosi. "Nimewafokea mafundi mwaka mzima! Wazazi wananipigia simu, kifungo cha akiba kiko wapi, kifungo cha akiba kiko wapi." Akageukia kwenye giza. "Mhasibu! Nani alikuwa anamkata huyu nusu?"

Kiti kikasogea. Mjomba akasimama. Nilifumba macho.

"Mimi," alisema. "Kwa kusahau. Na ninyi wengine nilikuwa nawakata kwa makusudi."

Akawaeleza habari ya ile safu. Alieleza vizuri, bila kujitetea na bila kunitaja kama mtoto wa dada yake. Alipomaliza, kila mtu akataka kujua ya kwake.

"Mimi je?" alisema Jenerali. "Mimi umeniandikia nini?"

"Nagawanya kwa tatu."

"Mimi? Mimi natia chumvi?"

"Wewe, ndugu yangu, unatia bahari."

Walicheka mpaka mtu mmoja akawasha taa ili aone uso wa Jenerali. Hata Bosi alicheka, kiganja mdomoni. Lakini alikuwa wa kwanza kuacha.

"Sasa kijana," alimgeukia muuzaji, "kwenye hii yako, hiyo chumvi itatolewa na nani? Maana hawa nawajua. Nikiwaachia wajaze wenyewe, mwezi ujao nitakuwa na vitambaa vya kufunika mji mzima."

Muuzaji alifurahi kuulizwa. "Programu yenyewe, mama! Inajifunza tabia ya kila mtu, inapunguza yenyewe."

Ilikuwa ni ile ile safu isiyo na kichwa, imenunuliwa mpya. Bosi alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali, na nikaona nisiposema sasa, yote niliyosema yamekwenda bure.

"Ikate," nilisema, "lakini ionyeshe."

Wote wakanitazama. Kwa siku moja nilikuwa nimetazamwa zaidi ya miaka mitano.

"Ionyeshe imekata nini, na kwa nini, na nani kakubali. Mwenye ombi aone. Nikiona nimekatwa, nitapanda nije niulize."

"Wewe? Upande uulize?" alisema Jenerali, lakini safari hii hakupiga rula.

"Inawezekana?" Bosi alimuuliza muuzaji.

"Inawezekana, mama. Ipo. Ni kuiwasha tu."

"Basi iwashe ikiwa bado mkononi mwako. Ndipo tuzungumze bei, na bei yako nitaitoa chumvi." Akaandika kitu. "Tunaichukua. Miezi mitatu ya kwanza tutaendesha zote mbili, ya zamani na mpya. Hakuna anayekata mpaka mhasibu abonyeze kwa jina lake. Mhasibu, utajifunza?"

"Nitajifunza," alisema Mjomba. "Mwalimu ninaye kwenye ukoo."

"Na stoo ndogo?" nilijikuta nimeuliza.

Bosi alinitazama kama vile swali lilikuwa la kipumbavu. "Stoo ndogo ina mtu," alisema. "Ajenda inayofuata."

*

Mzigo wa kwanza ulikuja kamili. Nilipungukiwa na rafu, nikapanga maboksi chini mpaka mlangoni, na nikawa napita ubavu ubavu. Mjomba alishuka mwenyewe kuona, akasimama katikati ya zipu, akahesabu roli za lastiki kwa kidole: saba. Akaniomba nimweleze tena pale pa kubonyeza jina lake, maana kila mara kinatokea kisanduku kinachomuuliza sababu, na yeye hajazoea kutoa sababu. Kwa Jumapili kadhaa amekuwa akija nyumbani na tableti badala ya malalamiko. Mama anasema afadhali ya malalamiko.

Jana Jenerali alikuja dirishani. Aliangalia kushoto na kulia, akainamisha kichwa chake kikubwa mpaka kikaingia ndani ya stoo.

"Vifungo. Una dakika?"

"Ninayo."

"Hii kitu yangu inawaka nyekundu."

Nikaichukua. Alikuwa ameomba vitambaa vizito vya ovaroli, majora mia tisa.

"Unahitaji mangapi?"

"Mia tisa."

"Jenerali."

"Sawa, mia sita."

Sikusema kitu. Nilimtazama tu, na yeye akatazama rafu, akatazama rula yake, akajikuna shingo. Watu wenye sauti kubwa hawawezi kuvumilia kimya. Hilo nilikuwa silijui mpaka jana.

"Mia tatu na kumi," alisema chini chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Lakini Vifungo, wakikata je?"

"Wakikata utaona nani kakata. Utapanda, utamuuliza."

"Nimuulize nini?"

"Huishiwi maneno wewe."

Alifikiria. Akaichukua tableti, akanigeuzia mgongo, akaandika kwa kidole kimoja. Kisha akanionyesha, haraka, kabla sijasoma vizuri, na ule mstari ulikuwa umetulia, mweupe. Alikuwa ameandika mia tatu na ishirini.

Nikamwachia hayo kumi.